Kabla hujabonyeza kitu kwenye seva yenye RAID, yajue kwanza haya maneno

Hii ni kwa fundi ambae ameitwa ofisini kwa watu, anafika anakuta taa ya machungwa inawaka kwenye diski moja ya seva, akiwasha skrini imejaa maneno hajawahi kuyaona na bosi amesimama nyuma yake. RAID ni namna ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Weka kibodi pembeni, tuanze.

Hatua ya 1: tofautisha diski halisi na diski ya kubuni
Diski halisi ndo ile unayoishika mkononi na ina tundu lake kwenye seva. Diski halisi zikiunganishwa zinakuwa kundi moja linaitwa arei, halafu kutoka kwenye hiyo arei kontrola, yaani kadi ndani ya seva inayosimamia diski, inatengeneza diski ya kubuni ambayo ndo Windows au Linux inaiona. Kwahiyo umechomeka diski 4 na Windows inaonyesha 1, usishtuke, ndo inavyotakiwa.

Hatua ya 2: jua level yako, yaani aina ya RAID
Chukulia una diski 4 za TB 4 kila moja. RAID 0 inakatakata data vipande inavisambaza kwenye zote, unapata TB 16 na kasi nzuri ila ikifa moja tu umekwisha. RAID 1 ni fotokopi, diski mbili zinabeba kitu kilekile. RAID 10 ni jozi za fotokopi halafu vipande vinasambazwa kwenye hizo jozi, unabaki na TB 8. RAID 5 inakupa TB 12 na inavumilia kufa kwa diski moja, RAID 6 inakupa TB 8 inavumilia mbili zozote.

(Jina lenyewe limetoka kwa Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley, mwaka 1988. Ile herufi I mwanzo ilimaanisha diski za bei chee (inexpensive), baadae wauzaji wakaigeuza ikawa diski zinazojitegemea (independent). Ukiuliza bei ya diski ya seva utaelewa kwanini.)

Hatua ya 3: pariti
Hapa ndo wengi wanakariri tu. RAID 5 haitunzi kopi ya data yako, inatunza hesabu. Chukua biti moja kutoka kila diski, mfano 1, 0, 1. Kontrola inaongeza biti ya nne ili idadi ya moja iwe shufwa muda wote, hapo moja ziko mbili tayari kwahiyo inaandika 0. Sasa diski ya kwanza ikifa umebaki na 0, 1 na pariti 0, moja iko peke yake, yaani iliyopotea lazima ilikuwa 1. Ni hivyo tu, mara mabilioni. Na hiyo pariti haikai kwenye diski moja, inazungushwa kwenye zote.

Hatua ya 4: soma hali ya arei
Digredi maana yake diski imekufa ila kazi inaendelea, na kama ni RAID 5 basi huna tena kinga yoyote. Ribildi ni pale diski mpya, au ile ya spea iliyokuwa inasubiri ndani, inajazwa upya kwa kusoma diski zote zilizobaki mwanzo hadi mwisho, diski kubwa inaweza kula hata siku nzima, na hizo zilizobaki mara nyingi zilinunuliwa siku moja na iliyokufa.

Mimi niliwahi kuchomoa diski nzima nikaacha mbovu, kisa nilihesabu matundu kuanzia 1 wakati seva inaanza na 0. Arei ikalala palepale. Siku hizi naiambia kwanza kontrola ipepese taa ya diski husika, naiona kwa macho, ndo nagusa.

Hatua ya 5: kashe na betri
Kontrola ina kashe, memori ndogo inayopokea data haraka kabla ya kuiandika kwenye diski. Umeme ukikatika hapo katikati betri ndo inailinda. Betri ikichoka kontrola nyingi zinaacha kutumia kashe kwenye kuandika, kila kitu kinasubiri diski, seva inakuwa nzito na mteja ananunua RAM bure wakati shida ni kabetri.

Hatua ya 6: maneno ya kuogopa
Inishalaizi inafuta, usiiguse kwenye arei yenye data. Foreni maana yake diski zina kumbukumbu za arei ya kontrola nyingine, unakutana nayo sana ukibadilisha kontrola iliyokufa. Utapewa mambo mawili, kuimpoti au kuklia. Ukiimpoti arei inarudi, ukiklia umetupa ramani ya data yako. Piga picha skrini kwanza. Na kama bakapu haipo usiendelee, maana faili likifutwa RAID inalifuta kwenye diski zote kwa utii kabisa.

Kwa wanaotumia Linux bila kontrola, andika cat /proc/mdstat. Kila U ni diski iliyopo na inafanya kazi, kwahiyo ukiona [UU_U] ujue diski ya tatu kwenye arei haipo, ila hiyo ni nafasi ndani ya arei sio tundu la seva, kwahiyo linganisha serial namba kabla hujachomoa.