Kwenda makumbusho ya akiolojia bila muongozaji: jipange hivi usitoke na picha tu kwenye simu

Watu wengi wakiingia makumbusho ya akiolojia wenyewe wanafanya kitu kile kile, wanaanzia chumba cha kwanza, wanasoma kila lebo neno kwa neno, wakifika chumba cha tatu miguu inawaka, cha tano wanapita tu huku wanaangalia saa, alafu kumbe kile kitu walichokifuata kiko ghorofa ya juu chumba cha mwisho na muda wa kufunga umeshafika. Muongozaji faida yake kubwa sio kwamba anajua sana, ni kwamba anakuchagulia, anakwambia hiki tunakiruka, hapa tunasimama. Sasa kama humchukui, hiyo kazi ya kuchagua ni yako wewe, na inafanyika kabla ya kwenda, sio pale mlangoni na tiketi mkononi.

Na usijilaumu ukichoka, hilo jambo lilishachunguzwa zamani. Mwaka 1916 kuna bwana anaitwa Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston aliandika kuhusu uchovu wa makumbusho, alimpiga picha mtu akiinama, akichuchumaa na kunyoosha shingo ili asome vilivyomo kwenye makabati ya vioo, na zile picha zinaonyesha wazi kwamba mwili unafanya kazi ngumu bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo wazo la kuona kila kitu lifute kichwani. British Museum ya London ina vitu kama milioni 8 na vinavyowekwa hadharani ni kama asilimia 1 tu, yaani hata wenyewe wamekubali kuchagua, wewe nani ung'ang'anie kumaliza?

Mimi nashauri usichague vyumba, chagua swali. Mfano hawa watu walikuwa wanazikaje wafu wao, au maandishi yalianza vipi, au vitu gani vilitolewa baharini. Ukiwa na swali, hata chumba chenye makabati arobaini kinapungua chenyewe maana macho yanajua yanatafuta nini. Chukua makumbusho ya taifa ya akiolojia ya Athens, ukiamua unafuata mambo ya baharini tu, utaenda kwenye vile vipande vya mashine ya Antikythera, vilivyotolewa kwenye meli iliyozama ambayo wazamiaji wa sponji waliigundua mwaka 1900, vipande 82 vya shaba iliyooza na kuota kutu ya kijani, lakini ndani yake kuna gia zisizopungua 30 zilizokuwa zinapigia hesabu mwendo wa jua, mwezi na kupatwa kwake. Mtu asiye na habari anapita pale anaona mabonge ya kutu, anaenda zake. Aliyesoma nusu ukurasa usiku wa jana yake anaweza kusimama hapo nusu saa nzima.

Kwa hiyo tafuta tovuti ya makumbusho yenyewe, nyingi zina ukurasa wa vitu maarufu na ramani ya vyumba, andika vitu saba au nane vinavyogusa swali lako, weka alama kwenye vitatu ambavyo usipoviona utajuta. Namba ya chumba iandike pembeni, na ile ramani piga skrinshoti maana ndani mtandao mara nyingi unasumbua, majengo yenyewe ya mawe kuta nene.

Ukiwa hapo hapo kwenye tovuti angalia siku ya kufungwa. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, lakini sio yote, Louvre ya Paris inafungwa Jumanne, na watu wanafika wanakuta geti limefungwa kila wiki. Angalia pia kama tiketi zinauzwa kwa saa maalumu, kama kuna siku ya bure (Italia makumbusho ya serikali huwa bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, ila jiandae na umati), na kitu ambacho wengi hawakikumbuki: kama kuna vyumba viko kwenye ukarabati au kile kitu unachokitaka kimeazimwa kwenda maonyesho nchi nyingine. Vitu vya kale vinasafiri kuliko sisi. Kama hujaona maelezo, tuma barua pepe fupi uulize, haikugharimu kitu.

Muda mzuri ni asubuhi wanapofungua au saa mbili za mwisho kabla ya kufunga, katikati hapo ndo mabasi ya watalii na wanafunzi yanashusha watu. Panga kukaa ndani kwa muda wa saa mbili, mbili na nusu, basi. Viatu viwe vya kutembelea, simu iwe na chaji, beba hedifoni zako kama kuna maelezo ya kusikiliza kwenye simu, na begi kubwa liache maana utaambiwa ulikabidhi mlangoni. Kama unapenda kuchora au kuandika beba penseli, sehemu nyingine kalamu ya wino hawaitaki karibu na vitu. Flashi zima kabla hujaingia.

Ukishaingia usianze mwanzo. Nenda moja kwa moja kwenye vile vitatu vya lazima ukiwa bado na nguvu, alafu rudi taratibu kwa vingine. Najua ukifanya hivyo mtiririko wa miaka unavurugika, lakini afadhali uvurugike kuliko ukose.

Sasa tuje kwenye lebo, hapa ndo panapotenganisha aliyeona na aliyepita. Usisome yote, soma vitu vitatu: kimetoka wapi, cha lini, na kimetengenezwa kwa kitu gani. Miaka ya kabla ya Kristo inahesabika kurudi nyuma, kwa hiyo karne ya 5 KK ni kuanzia mwaka 500 kushuka hadi 401, na kitu cha mwaka 700 KK ni cha zamani zaidi kuliko cha 300 KK, inaonekana rahisi ukisoma hapa lakini ukiwa umechoka unachanganya. Kwenye lebo za Kiingereza BC na BCE ni kitu kimoja, na ukiona c. au ca. kabla ya mwaka maana yake ni takriban. Takriban hiyo isikukere, ndo uaminifu wenyewe. Kipimo cha umri cha kaboni 14 kwa mfano kinafanya kazi kwenye kitu kilichowahi kuwa hai, mbao, mfupa, mkaa, na kinafika kama miaka 50,000 tu nyuma, kwa hiyo sanamu ya jiwe haipimwi hivyo, umri wake unakadiriwa kwa tabaka la udongo ilikokutwa na vitu vilivyokuwa pamoja nayo.

Ndo maana hilo la kimetoka wapi nalipa uzito kuliko yote. Lebo ikitaja kaburi fulani, chumba fulani, mwaka wa uchimbaji, ujue hicho kitu kina mashahidi. Kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri, lilipofunguliwa 1922 lilikuwa na vitu zaidi ya 5,000, na kwa kuwa viliandikwa na kupigwa picha pale pale vilipokutwa, leo tunajua kipi kilikaa juu ya kipi. Lakini lebo ikisema inasemekana kimetoka sehemu fulani, au asili haijulikani, hapo mara nyingi kuna mtu alichimba kienyeji akauza, na habari nzima ilipotea siku hiyo hiyo, kimebaki kitu kizuri tu. Kwa maoni yangu chungu kilichovunjika chenye anwani kina thamani kuliko cha dhahabu kisichojulikana kilitoka wapi, ila ukitazama watu wamejazana wapi, utaona wengi hawakubaliani na mimi.

Na vyungu ndo vinavyorukwa sana, wakati vyungu ndo vingi na ndo vinavyosema sana. Chukua kimoja tu, simama nacho dakika tano bila kupiga picha. Anza chini kwenye kitako, kuna moshi mweusi? Basi huenda kilikaa motoni, kilikuwa cha kupikia. Chungulia ndani ukiweza, ukiona mistari ya mviringo iliyolingana kilizungushwa kwenye gurudumu la mfinyanzi, ukiona mabonde bonde ya vidole kilifinyangwa kwa mkono. Angalia mpini ulipobandikwa, wakati mwingine alama ya dole gumba bado ipo, ya mtu aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita. Alafu tafuta sehemu zenye rangi bapa isiyo na mapambo, hizo mara nyingi ni za mafundi wa kisasa, wanajazia kwa makusudi kwa rangi tofauti kidogo ili usidanganyike kwamba ni za asili. Kwenye vyombo vya Ugiriki, picha nyeusi juu ya udongo mwekundu kwa kawaida ni mtindo wa zamani zaidi, ule wa picha nyekundu kwenye weusi ulianza Athens kama mwaka 530 au 520 KK, ukilijua hilo peke yake tayari unaweza kukisia umri wa kabati zima kabla hujasoma lebo.

Chumba kikiwa na giza usidhani wamebana umeme. Nguo, mafunjo (karatasi za kale za matete) na vitu vilivyochorwa kwa rangi laini vinawekewa mwanga kama laksi 50 tu (laksi ni kipimo cha mwanga) kwa sababu mwanga unavila taratibu na uharibifu haurudi nyuma, we ingia, subiri dakika mbili tatu macho yazoee. Na kama kuna mabaki ya binadamu jiandae kisaikolojia, hasa ukiwa na watoto, wasimulie mapema. Ötzi, yule mtu wa barafu wa miaka kama 5,300 aliyepatikana 1991, yuko Bolzano, Italia, kwenye chumba cha nyuzi 6 chini ya sifuri na unamtazama kupitia kidirisha kidogo, kwa hiyo kuna foleni na zamu yako ni fupi. Sio sehemu ya kupiga selfi.

Ukienda na wenzako msitembee kundi moja, kila mtu na swali lake, mkutane baada ya saa moja mkae chini msimuliane. Watoto wape kitu cha kuwinda, wanyama wote waliochorwa kwenye vyungu kwa mfano, wanaona kuliko wakubwa.

Kitu cha mwisho ni namba. Pembeni ya lebo, mara nyingi kwa maandishi madogo kabisa, kuna namba ya usajili, na makumbusho mengi inaanza na mwaka kitu kilipoingia pale. Ipige picha pamoja na kitu chenyewe. Ukirudi uiandike kwenye katalogi ya mtandaoni ya makumbusho hayo, unaweza kupata picha za upande wa nyuma usioonekana kwenye kabati, nani alikileta, na ndugu zake waliobaki stoo.