Waridi limegoma kutoa maua? Angalia kwanza yale yaliyonyauka

Jamani nimechoka kuona mawaridi mazuri yanaachwa hivi. Mtu ananunua mche, unampa maua ya kwanza anafurahi anapiga picha, yakinyauka anayaacha yakaukie hapohapo juu, miezi inapita hakuna jipya, basi anaanza kulaumu udongo, anajaza samadi, anamwaga maji asubuhi na jioni, kumbe tatizo liko kwenye vile vichwa vikavu.

Iko hivi, mmea unachotafuta ni mbegu tu. Ua likishachavushwa petali zinapukutika, halafu chini yake panaanza kuvimba kitunda cha kijani, na kikianza tu kukua nguvu inaelekea huko, maua mapya yanapungua. Ukikitoa mapema mmea unajaribu tena. Na huku kwetu Arusha hakuna theluji ya kulaza waridi, linaweza kuchanua mwaka mzima, ndo maana inaniuma.

Sasa namna ya kukata. Shika tawi lenye ua lililochoka, shuka nalo taratibu kwa kidole. Mara nyingi jani la kwanza kukutana nalo lina vijani vitatu, lipite, endelea mpaka ufike kwenye jani lenye vijani vitano, halafu chungulia pale linaposhikana na shina, utaona kijicho chekundu kidogo kuliko hata kichwa cha njiti ya kiberiti. Hicho ndicho tawi lako jipya. Chagua kinachotazama nje ya kichaka maana kikitazama ndani matawi yatabanana na hewa haitapita. Kata kama nusu sentimita juu yake, kwa mshazari, maji yateleze upande usio na jicho. Ukikata mbali sana kile kisiki kinachobaki kinakauka kinakuwa cheusi, ukikata karibu sana unaua jicho lenyewe. Baada ya hapo subiri, kuna aina zinarudi na ua baada ya wiki 6 hivi, nyingine zinawahi au kuchelewa kidogo.

Kama mche bado mchanga usishuke mbali hivyo, toa kichwa tu uuachie majani, ndo jiko lake hilo. Na yale mawaridi yanayotoa maua kwa kishada, toa moja moja linalomaliza, kishada chote kikiisha ndo ukate tawi.

Mkasi uwe mkali, butu unaponda shina, na ufute kwa spiriti kabla hujahamia mche mwingine, magonjwa yanasafiri na mkasi.

Maua mengine ni rahisi zaidi. Marigoldi unavunja kwa kucha, zinia shuka mpaka juu ya jozi ya majani ukate hapo, yatatoka matawi mawili. Petunia ndo inawadanganya wengi, wanavuta ile tarumbeta laini inatoka mkononi wanadhani wamemaliza, kumbe kifuko cha mbegu kimebaki kwenye kikonyo, kwahiyo kata na kikonyo chake. Dalia nayo inahitaji macho, maana ua lililokwisha likifunga linafanana kabisa na tumba. Liminye kidogo: tumba ni duara na gumu kama kifungo, lililokwisha limechongoka na ni laini, ukibinya linatoa maji. Hibiskasi wala usihangaike, ua lake kwa kawaida linaishi siku moja tu na linadondoka lenyewe.

Wakati wa masika mi napita bustanini mara mbili kwa wiki, kwa sababu petali zikilowa zinashikana zinaota ukungu wa kijivu, na huo ukungu unashuka mpaka kwenye matumba ambayo hata hayajafunguka. Ulivyovikata usiviache chini ya mche, beba upeleke mbali.

Ila usimalize yote kama unataka mbegu. Kwenye zinia na marigoldi acha vichwa vichache vilivyo vizuri kuliko vyote, vikaukie juu ya mmea mpaka viwe kahawia na vikwaruze ukivishika, vifikiche kwenye karatasi siku ya jua, hifadhi kwenye bahasha sehemu kavu, usiweke kwenye mfuko wa plastiki maana unyevu kidogo tu zinaoza.