Faili la mfanyakazi: kuajiri, kulipa, kuadhibu na kuachana kwa utaratibu Uganda

Waajiri wengi Uganda wanaposhindwa mbele ya afisa wa kazi au Mahakama ya Viwanda, hawashindwi kwa kukosa sababu. Sababu wanayo: mtunza stoo aliiba kweli, dereva alilewa kweli. Wanachokosa ni karatasi na mpangilio. Barua ya mashtaka haikuandikwa, au kikao kilifanyika baada ya uamuzi kwisha kutolewa. Kwa hiyo mwongozo huu umefuata faili la mfanyakazi mmoja, tangu siku anapotafutwa hadi siku anapoondoka. Sheria mama ni Sheria ya Ajira ya 2006, na kanuni zake za 2011 zinaifafanua.

Kabla ya kutangaza kazi

Andika majukumu kwenye ukurasa mmoja. Usiandike "kufanya kazi zote za stoo". Andika kitu kinachopimika: kupokea mzigo na kulinganisha hati ya mzigo na kilichoshushwa, kuhesabu mali kila Ijumaa, kuripoti upungufu siku hiyo hiyo kabla ya kufunga. Karatasi hii ndiyo utakayotolea maswali ya usaili, ndiyo utakayompimia mtu baadaye, na ikifika siku ya kikao cha nidhamu ndiyo itakayoonyesha kwamba alijua wajibu wake.

Kwenye usaili, waulize wote maswali yale yale, matano au sita. Wasaili wawe wawili au watatu, na kila mmoja aandike alama zake, 1 hadi 5, kabla hawajazungumza. Mkubwa wa ofisi akitangulia kusema "huyu nimempenda", alama za wengine hugeuka kuwa heshima tu. Ongeza jaribio la vitendo: dereva aendeshe gari lenyewe, mtunza stoo ahesabu rafu moja na kuandika anachokiona. Nusu saa ya vitendo hufichua mengi kuliko vyeti.

Usimuulize mwanamke kama ana mpango wa kuzaa, wala usimnyime mtu kazi kwa dini, kabila, ulemavu au hali yake ya VVU. Sheria inakataza. Ukimpigia mwajiri wa zamani, tafuta namba ya ofisi mwenyewe. Namba iliyoandikwa kwenye wasifu inaweza kuwa ya binamu yake.

Faili jipya liwe na nakala ya kitambulisho cha taifa, namba ya mlipa kodi ya URA (mamlaka ya mapato), namba ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), vyeti, barua ya LC1 (uongozi wa kijiji au mtaa) ya anakoishi, jina la ndugu wa kuarifiwa, na mkataba uliosainiwa. Liwekwe kwenye kabati lenye kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na wafanyakazi sita, kwa hiyo taarifa za afya ya mtu hazizagai juu ya meza ya mapokezi.

Mkataba

Sheria inampa mwajiri hadi wiki 12 tangu kazi ianze kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Usiusubiri muda huo. Mpe mkataba siku ya kwanza, maana ndani ya wiki 12 watu wawili wanaweza kukumbuka mapatano matatu. Mkataba utaje kazi, mahali, tarehe ya kuanza, mshahara kabla ya makato, saa za kazi, likizo, malipo ya ugonjwa na notisi.

Muda wa majaribio hauzidi miezi 6. Unaweza kuongezwa kwa miezi mingine 6 isiyozidi, ila mfanyakazi akubali. Katika kipindi hiki, notisi ya kuachana ni siku 14, au malipo ya siku 7 badala yake, na kikao kirefu cha nidhamu, tutakachokieleza mbele, hakilazimiki. Waajiri wengi hulala hapa. Muda unakwisha, hakuna aliyeandika barua ya kumthibitisha wala ya kumwongezea muda, na mtu anaendelea kuingia kazini. Ukija kudai mwezi wa tisa kwamba "yule bado alikuwa kwenye majaribio", utapata taabu kuaminiwa. Weka kengele kwenye simu wiki 3 kabla ya muda kwisha.

Na vibarua? Kanuni za 2011 zinasema mtu asikae kibarua zaidi ya miezi 4. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki zinazokwenda nao. Kumsimamisha kila mwezi wa nne na kumrudisha wiki inayofuata ni ujanja unaojulikana, na maafisa wa kazi wanaujua kuliko wewe.

Mshahara

Tuchukue mtunza stoo wa shilingi 832,000 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyoanza 2012, kipato kisichozidi 235,000 hakikatwi kodi ya mshahara. Kutoka hapo hadi 335,000 ni asilimia 10, kisha hadi 410,000 ni asilimia 20. Kwa hiyo 410,000 za kwanza zinatoa kodi ya 25,000, na kinachozidi hapo hukatwa asilimia 30 (wenye zaidi ya milioni 10 huongezewa asilimia 10 juu ya ziada hiyo). Kabla ya kuanza mahesabu ya mwaka mpya wa fedha kila Julai, angalia kwenye tovuti ya URA kama viwango vimeguswa.

Hesabu yake: 832,000 kutoa 410,000 ni 422,000; asilimia 30 yake ni 126,600; jumlisha 25,000, kodi ni 151,600. NSSF ya mfanyakazi ni asilimia 5, yaani 41,600. Mkononi anabaki na 638,800. Mwajiri naye anaongeza asilimia 10 ya NSSF kutoka mfukoni mwake, 83,200, kwa hiyo mtu huyu anaigharimu ofisi 915,200. Hii ndiyo namba ya kuweka kwenye bajeti.

Makosa matatu hurudi kila mara. La kwanza ni kupatana "laki nane" bila kusema ni kabla au baada ya makato. Mwisho wa mwezi mfanyakazi anaona ameibiwa. La pili ni kulipa NSSF juu ya mshahara wa msingi tu na kuziacha posho na saa za ziada nje, ilhali mchango unahesabiwa kwa malipo yote ya fedha. La tatu ni kudhani kwamba kampuni ndogo haiguswi. Zamani mwajiri mwenye watu chini ya watano hakulazimika. Marekebisho ya sheria ya NSSF ya 2022 yaliondoa mpaka huo, na sasa hata duka la mtu mmoja aliyeajiriwa linachangia. Kodi ya mshahara na NSSF zote hupelekwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kuna pia kodi ya huduma za mitaa, isiyozidi 100,000 kwa mwaka, ambayo hukatwa kwa miezi minne ya mwanzo wa mwaka wa fedha, Julai hadi Oktoba.

Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Hakikusaidii kupanga chochote. Uliza wenye biashara kama yako wanalipaje.

Saa za kawaida ni 48 kwa wiki, na baada ya siku sita mtu apumzike saa 24 mfululizo. Ili kupata thamani ya saa moja, wengi hugawa mshahara kwa 208, yaani siku 26 mara saa 8. Mtunza stoo wetu anatoka na 4,000 kwa saa. Saa ya ziada siku ya kawaida ni mara moja na nusu, 6,000. Siku ya sikukuu ya taifa ni mara mbili, 8,000. Saa za ziada ziandikwe na kusainiwa siku ile ile. Daftari linalojazwa mwisho wa mwezi halimridhishi yeyote.

Kila malipo yaende na hati ya mshahara inayoonyesha kila kato, hata kama pesa imetumwa kwa simu. Ujumbe wa simu unaonyesha kilichoingia tu, hauelezi kilichokatwa.

Likizo kwa ufupi

Likizo ya mwaka ni siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, yaani 21 kwa mwaka. Likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki 4 kati yake ziwe baada ya kujifungua. Baba ana siku 4 za kazi. Mgonjwa hulipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Tengeneza ratiba ya likizo Januari na uibandike ukutani, la sivyo Desemba wote watataka kwenda kijijini siku moja.

Asiyeweza na asiyetaka

Kabla ya kushika kalamu ya onyo, jiulize: huyu hawezi, au hataki? Mtunza stoo anayekosea hesabu kwa sababu hakufundishwa kutumia programu mpya si mkosaji wa nidhamu. Mpe mpango wa maandishi wa wiki 6 hadi 8: kipi kirekebishwe, kwa kiwango gani, nani atamfundisha, na mkutane lini kukagua. Anayejua na bado haripoti upungufu ni suala jingine. Waajiri wanaochanganya mambo haya mawili humwandikia mtu maonyo matatu kwa kosa ambalo mafunzo ya siku mbili yangelimaliza.

Kikao cha nidhamu

Hapa ndipo faili linapopimwa, kwa hiyo twende polepole.

Saa inaanza kuhesabu siku unapojua kosa. Sheria inasema mwajiri asiyetoa adhabu ndani ya siku 15 tangu ajue, huchukuliwa kuwa ameiacha haki yake ya kuadhibu. Usiweke kosa la Machi mfukoni ulitoe Agosti siku mtakapokorofishana.

Ikiwa uwepo wake utaharibu uchunguzi, msimamishe kwa barua. Kusimamishwa kwa uchunguzi kusizidi wiki 4, na analipwa nusu mshahara. "Kaa nyumbani tutakuita", bila tarehe na bila malipo, ni kujichimbia shimo. Anayechunguza asiwe mlalamikaji wala asiwe atakayeamua. Katika ofisi ya watu wanane hilo ni gumu, basi omba mkurugenzi wa nje au mhasibu mnayemlipa kwa kazi maalumu aketi kwenye uamuzi.

Barua ya mashtaka iseme kosa lenyewe: tarehe, kitu, kiasi, na kanuni iliyovunjwa. "Utovu wa nidhamu" peke yake si shtaka. Ambatisha ushahidi. Mpe muda wa kujiandaa. Siku mbili za kazi kwa jambo dogo, siku tano kwa wizi wenye nyaraka nyingi. Mwambie kwa maandishi kwamba anaweza kuja na mtu anayemchagua yeye, awe mwenzake wa kazi au kiongozi wa chama cha wafanyakazi.

Lugha nayo si jambo la pembeni. Sheria inataka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayotarajiwa kuielewa. Kiswahili kimo kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, na kwa mlinzi wa Arua au utingo wa lori la Malaba, huenda kikao cha Kiswahili kikawa cha haki kuliko cha Kiingereza cha barua. Uliza mwanzoni anataka lugha gani, kisha andika jibu lake kwenye kumbukumbu. Mkihitaji mkalimani, asiwe shahidi.

Ndani ya kikao: soma shtaka, toa ushahidi, mwache ajibu bila kumkatiza, mruhusu aulize mashahidi na alete wake, kisha yeye na mwenzake watoke nje. Uamuzi utolewe baadaye, kwa barua yenye sababu na njia ya kukata rufaa. Katibu aandike yaliyosemwa, na wote wasaini kila ukurasa. Akikataa kusaini, andika "amekataa kusaini" na shahidi aweke sahihi yake. Barua ya kufukuzwa yenye tarehe moja na kikao inatia shaka. Yenye tarehe ya jana yake inamaliza kesi yako.

Adhabu zinazotajwa na sheria, pungufu ya kufukuzwa, ni onyo la maandishi, karipio na kusimamishwa. Kumkata mshahara kwa sababu soda kumi na mbili zimepotea hakumo. Makato ya mshahara ni yale ya sheria, au yale aliyoyakubali kwa maandishi na yanayoruhusiwa.

Ukimfukuza bila kumsikiliza, unamlipa mshahara wa wiki 4 kwa kosa hilo pekee, hata kama wizi ulikuwa wa kweli, na fidia nyingine zinaweza kufuata. Naye ana miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi.

Kuachana

Kama hakuna kosa la kufukuza, toa notisi kwa urefu wa utumishi: wiki 2 kwa aliyefanya miezi 6 hadi mwaka, mwezi 1 kwa mwaka 1 hadi 5, miezi 2 kwa miaka 5 hadi 10, miezi 3 kuanzia miaka 10. Unaweza kulipa badala ya notisi, ila sababu ya kuachana bado unatakiwa kuwa nayo na kuithibitisha. Ukipunguza watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3 kwa sababu za kiuchumi, Kamishna wa Kazi aarifiwe kwa maandishi.

Siku ya mwisho, pitia orodha: funguo, kitambulisho, simu ya kazi, nywila, deni la mkopo wa ofisi, siku za likizo zilizobaki. Lipa kila kitu kwa karatasi moja yenye mchanganuo, na akiomba cheti cha utumishi, mpe. Usikishike kama dhamana ya funguo zilizopotea. Faili usilichome. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu za malipo zitunzwe miaka 5, na afisa wa URA anapokuja kukagua huanza na majina ya waliokwisha kuondoka.