Kabla ya kufunga njia za mkato za kibodi kwenye kompyuta ya umma

Kompyuta ya maktaba au ya ukumbi wa kujisajilia huwekewa kivinjari kinachojaza skrini nzima, na mwenye nayo akadhani kazi imekwisha. Mtumiaji anabonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager (dirisha la kusimamia programu zinazoendeshwa) inafunguka, naye yuko ndani ya mashine yako. Maelezo haya ni ya Windows 11 yenye kibodi ya kawaida.

Angalia toleo la Windows kabla ya yote. Home haina Assigned Access, ile hali ya kuibana akaunti moja kwenye programu moja. Unahitaji Pro, Education au Enterprise. Hata Pro inaishia njiani, kwa sababu Assigned Access peke yake haizuii Alt+F4 wala Alt+Tab, na Ctrl+Alt+Del ndiyo njia yake ya kutokea. Kinachoziba mianya hiyo ni Keyboard Filter, sehemu ya Windows inayozuia vitufe unavyovichagua, nayo imo kwenye Enterprise, Education na IoT Enterprise tu. Wenye Pro wengi hukimbilia skripti ya AutoHotkey, programu ya kudaka na kubadilisha vitufe. Usiitegemee: ikizimika, vitufe vyote vimefunguka, na Ctrl+Alt+Del haidakwi na programu ya kawaida hata kidogo.

Pili, jiachie mlango. Akaunti ya umma isiwe na haki za msimamizi. Ya msimamizi iwe na nywila uliyokwisha kuijaribu baada ya kuwasha mashine upya. Keyboard Filter ina kitufe chake cha dharura: ukibonyeza kitufe cha Windows cha kushoto mara 5 mfululizo, unarudishwa kwenye skrini ya kuingilia. Kwa hiyo ukiweka kibodi isiyo na kitufe cha Windows, badilisha kwanza thamani ya BreakoutKeyScanCode, yaani msimbo wa kitufe hicho cha dharura, la sivyo utajifungia nje. Mtego huohuo uko kwenye Scancode Map, jedwali la kubadili au kuzima vitufe ndani ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), ambako watu huua misimbo 5B E0 na 5C E0, yaani Windows ya kushoto na ya kulia: mashine ikishawashwa upya, vitufe hivyo vimekufa kwa kila akaunti, ya msimamizi ikiwemo.

Kuiwasha Keyboard Filter si kazi ngumu. Fungua Windows Features, ingia Device Lockdown, tia tiki Keyboard Filter, washa upya. Vitufe vya kuzuia huwekwa kwa PowerShell (dirisha la amri) ya msimamizi, kupitia WEKF_PredefinedKey, orodha ya njia za mkato zilizoandaliwa tayari, iliyoko root\standardcimv2\embedded. Anza na Ctrl+Alt+Del, Shift+Ctrl+Esc, Alt+F4, Alt+Tab, Win+L na Win+R. Njia ya mkato isiyo kwenye orodha hiyo iongeze kwa WEKF_CustomKey.

Hatari inayosahaulika zaidi ni dirisha la kuchagua faili. Ctrl+O na Ctrl+S hulifungua moja kwa moja. Ctrl+P hulifikia kwa kuzunguka, mtu akichagua kuchapisha kwenda PDF. Likishafunguka, mtu anaandika cmd kwenye upau wa anwani ulio juu yake, anapiga Enter, na dirisha la amri linatokea. Kuzuia vitufe hapa ni nusu ya dawa, maana hata kubofya kulia kwenye picha kunaleta “hifadhi kama”. Tumia sera za kivinjari cha Edge: AllowFileSelectionDialogs iwe false, DownloadRestrictions iwe 3, DeveloperToolsAvailability iwe 2 ili F12 isifungue kitu, na file://* iingie kwenye URLBlocklist. Lakini kama watu wanakuja kupakia vyeti vya maombi ya kazi au ya chuo, dirisha hilo wanalihitaji. Hapo liache, uzuie cmd.exe, powershell.exe na regedit.exe kwa AppLocker, zana ya Windows ya kuamua programu zipi ziruhusiwe kuendeshwa.

Shift ikibonyezwa mara 5 huleta swali la Sticky Keys (msaada wa kubonyeza vitufe kimojakimoja badala ya pamoja), lenye kiungo cha kwenda kwenye mipangilio. Kwenye rejista ya akaunti ya umma, nenda HKCU\Control Panel\Accessibility\StickyKeys, Flags itoke 510 iwe 506. Fahamu tu kwamba unamnyima njia mtu asiyeweza kubonyeza vitufe viwili pamoja, kwa hiyo mhudumu ajue namna ya kumsaidia. Shift ya kulia ikishikiliwa sekunde 8 huleta Filter Keys (msaada wa kupuuza mibonyezo mifupi au ya kurudiwa), nayo izime.

BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, iwe na nywila, na kuwaka kutoka kwenye USB kuzimwe. Jaribio lifanyike kwenye kibodi ileile itakayotumika, si kwa Remote Desktop (kuingia kwenye mashine kutoka mbali), kwa sababu Keyboard Filter haifanyi kazi huko. Malizia kwa kukata umeme na kuurudisha. Kama akaunti ya umma inaingia yenyewe kwa AutoAdminLogon (mpangilio wa rejista wa kuingia bila kuandika nywila), kushikilia Shift wakati Windows inawaka kunasimamisha uingiaji huo. Weka IgnoreShiftOverride kuwa 1, kisha ujaribu tena ukiwa umeishikilia Shift.