Gari la puto kwa darasa la tano: linavyoundwa na linapogoma

Watoto wengi wa darasa la tano ni mafundi tayari. Gari la waya lenye magurudumu ya kandambili wamelitengeneza nyumbani bila kuelekezwa na mtu. Kazi ya mwalimu ni kuutia ufundi huo rula na daftari. Tenga vipindi viwili mfululizo vya kuunda gari linalosukumwa na hewa inayotoka kwenye puto, na kimoja siku nyingine cha kupima.

Kikundi cha wanafunzi wanne kinahitaji chupa tupu ya maji ya nusu lita, vifuniko vinne vinavyolingana, vijiti viwili vya mishikaki, mirija mitatu ya kunywea soda, rababendi, seloteepu na maputo mawili, maana moja litapasuka tu. Kwa kupitishia ekseli, yaani kijiti kinachobeba magurudumu, ganda la kalamu ya Bic iliyokwisha wino linaushinda mrija kwa sababu halibonyei.

Kabla mkasi haujaguswa, kila kikundi kichore gari lake likionekana kwa juu na kwa ubavuni. Mchoro usio na vipimo urudishwe.

Sasa magurudumu, ambayo ndiyo yanayoharibu magari mengi. Zungushia kifuniko penseli kwenye karatasi, kata duara, likunje nusu mara mbili. Mikunjo inapokatana ndipo katikati. Bandika karatasi hiyo juu ya kifuniko na utoboe hapo. Kutoboa afanye mwalimu mwenyewe, kwa msumari uliopashwa moto na kushikwa kwa koleo, madirisha yakiwa wazi. Msumari uwe mwembamba kidogo kuliko kijiti ili gurudumu libane. Tundu likienda kando milimita mbili tu, gari litachechemea.

Kata vipande viwili vya mrija vya sm 6, uvibandike kwa kukingama tumboni mwa chupa, kimoja karibu na kitako, kingine karibu na shingo. Pima umbali kati yake upande wa kushoto, kisha wa kulia. Vipimo visipolingana, gari litakata kona lenyewe. Kata vijiti viwe sm 10, ondoa ncha kali, vipitishe ndani ya mirija na uvike magurudumu, ukiacha nafasi ya milimita 3 kati ya gurudumu na mrija.

Kijiti ndicho kinachozunguka, mrija hautikisiki. Watoto hupenda kukaza seloteepu mpaka mrija unabonyea, au hupaka gundi ikavuja ndani. Linyanyue gari, ligonge gurudumu kwa kidole: lisipozunguka walau mara tatu, fungua uanze upya. Kisha lisukume sakafuni. Gari lisilofika mita moja kwa mkono halitafika popote kwa puto.

Puto jipya ni gumu, kwa hiyo lipulize na kulitoa hewa mara tatu ili lilegee. Ingiza mrija sm 2 mdomoni mwake, funga kwa rababendi, puliza, ziba mrija kwa kidole na uzamishe kifundo kwenye maji. Mapovu yakitoka, panavuja. Libandike juu ya chupa, mrija ukitazama nyuma sawasawa na sakafu. Puto likiburura chini limegeuka breki. Apulize mtoto mmoja tu katika kila kikundi, na vipande vya puto lililopasuka viokotwe palepale, wadogo wasije wakavimeza.

Siku ya kupima, chora mstari wa chaki na uazime futi ya fundi cherehani. Puto lijazwe mpaka uzi wa sm 40 ulizunguke barabara, kila mara. Gari liende mara tatu, na umbali wa katikati, si mrefu kuliko yote wala mfupi kuliko yote, ndio uandikwe. Baada ya hapo wabadilishe kitu kimoja tu: magurudumu makubwa zaidi, au mirija miwili badala ya mmoja. Mirija miwili inatoa hewa haraka, msukumo unaongezeka lakini unakwisha mapema. Lipi litakwenda mbali? Usiwaambie.

Ukiuliza gari linasukumwa na nini, wengi watasema hewa inasukuma ukuta. Waliachie katikati ya ukumbi, mbali na ukuta wowote, halafu uliza tena. Puto linaisukuma hewa nyuma, hewa nayo inalisukuma puto mbele.

Kikundi ambacho gari lake limegoma kisipewe jipya. Kipewe dakika kumi kutafuta ubovu kwa mpangilio: magurudumu, ekseli, kuvuja, mwelekeo wa mrija. Ubovu uandikwe daftarini kabla haujarekebishwa, na utolewe alama sawa na umbali.