Nairobi kwa Pande Tatu: Namna ya Kuzunguka Jiji Bila Siku Kuishia Kwenye Foleni

Ratiba nyingi za Nairobi huharibika kabla mtu hajatoka chumbani. Anaandika: asubuhi msitu wa Karura, mchana twiga wa Lang'ata, jioni KICC, jumba refu la mikutano. Kwenye ramani maeneo hayo ni jirani. Barabarani mambo ni mengine, maana karibu kila matatu hutoka katikati ya mji na kurudi hapo hapo. Kutoka Limuru Road kwenda Lang'ata ni lazima uingie tao, yaani katikati ya mji, ushuke, utembee hadi steji nyingine, usubiri gari lijae, kisha utoke upya. Hapo saa mbili zimekwenda na hujaona hata tumbili.

Dawa yake ni moja: siku moja, upande mmoja. Kuna tao lenyewe, linalozungukwa kwa miguu. Kuna upande wa Lang'ata na Karen, wenye wanyama. Na kuna kaskazini, kuanzia Museum Hill hadi Karura. Mwenye siku moja tu achague upande mmoja na auache mwingine kwa safari nyingine.

Maandalizi ya usiku uliotangulia

Mbuga ya taifa na makumbusho ya serikali hayapokei pesa taslimu. Malipo hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa M-Pesa au kwa kadi. Fungua akaunti ukiwa umetulia na intaneti ipo, kwa sababu kuifungua langoni saa 12 asubuhi, mtandao ukisuasua na magari yakipiga honi nyuma yako, ni mateso ya kujitakia. Viingilio hupangwa kwa uraia na ukaazi, na tofauti kati ya bei ya raia na ya mgeni ni kubwa mno. Beba kitambulisho halisi au pasipoti. Picha iliyo kwenye simu hukubaliwa na mlinzi mmoja na kukataliwa na mwingine. Bei itazame kwenye eCitizen penyewe, si kwenye kurasa za zamani za wasafiri, kwani nyingi zimepitwa na wakati.

Usibebe mfuko wa plastiki: umepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga na misitu ya hifadhi tangu Juni 2020, na mabegi hukaguliwa langoni. Chukua chupa ya chuma au ya kujazwa tena. Wanaotoka Pwani au Dar wasisahau sweta, maana jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti mawingu huweza kukaa hadi mchana. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Desemba.

Matatu

Namba iliyo kwenye kioo cha mbele huonyesha njia, si kampuni. Sacco (vyama vya wenye matatu) kadhaa zaweza kuwa na namba moja, nauli tofauti na steji tofauti. Za kukufaa ni hizi: 24 kwenda Karen kupitia Lang'ata Road, 125 na 126 kwenda Rongai na Kiserian, zinazopita lango kuu la mbuga kisha kukata kushoto kuingia Magadi Road, 111 kwenda Ngong, 106 kwenda Ruaka na Banana kupitia Limuru Road, 100 kwenda Kiambu. Steji huhamishwa mara kwa mara, kwa hiyo hata mwenyeji huuliza. Muulize askari wa jengo au mwenye kibanda cha magazeti. Ukimuuliza kijana anayeita abiria, atakupeleka kwenye gari lake hata kama haliendi unakokwenda.

Uliza nauli kabla ya kupanda, mguu ukiwa bado chini. Nauli hupanda mvua ikinyesha na jioni watu wakirudi nyumbani, na hilo halina mjadala. Lipa kwa noti ndogo. Ukimpa kondakta noti ya elfu moja atakwambia "ngoja chenji," nawe utashuka ukiwa umeisahau. Sacco nyingi sasa hupokea M-Pesa; subiri ujumbe uingie ndipo umwonyeshe. Simu usiishike karibu na dirisha lililo wazi, hasa gari likisimama kwenye taa au kwenye mzunguko wa Globe, kwani mkono huingia kutoka nje na kutoweka nayo.

Mwambie kondakta unakoshuka mapema, kisha umkumbushe. Pia jiandae kwa hili: foleni ikizidi, gari hugeuza kabla ya kufika mjini na mnashushwa Ngara au Museum Hill mmalizie kwa miguu. Si wizi, wala si wewe pekee. Saa nzuri za kusafiri ni kati ya saa 3:30 asubuhi na saa 9:30 alasiri. Ukitoka Karen saa 11 jioni siku ya kazi, habari ndiyo hiyo.

Teksi za programu za simu hufaa alfajiri, usiku na mkiwa watatu au wanne. Linganisha namba ya gari na ile iliyo kwenye simu kabla ya kuketi. Dereva akipiga kuuliza unakwenda wapi kisha akakuomba ufute safari, mwache afute yeye. Pikipiki ni nzuri kwa kipande kifupi kutoka barabara kuu hadi langoni. Usivuke nayo mji mzima. Anayetoka Burundi, Rwanda au Kongo akumbuke kwamba magari ya hapa hupita kushoto, hivyo tazama kulia kwanza.

Tao kwa miguu

Fanya mzunguko huu siku ya kazi. Jumapili barabara ni tulivu, lakini jengo la Nyaraka za Taifa limefungwa, na mji usio na watu wake hauonekani vizuri.

Anzia Makumbusho ya Reli, magharibi ya kituo kikuu cha treni. Ndipo pa kuanzia kwa haki, kwani Nairobi ilizaliwa mwaka 1899 kama kambi ya reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa. Kati ya injini za mvuke tafuta behewa ambalo afisa wa polisi Charles Ryall alikuwa amelala kituoni Kima mwaka 1900, akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Simba ndiye aliyemvizia yeye, akamtoa kupitia dirishani.

Kutoka hapo fuata Haile Selassie Avenue hadi inapokutana na Moi Avenue, penye bustani ya kumbukumbu ya shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Panda Moi Avenue hadi Nyaraka za Taifa, jengo lililokuwa benki. Watu huahidiana kukutana mbele yake kila siku bila kujua kuna nini ndani: kuna sanaa, vito na vinyago vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais. Tenga saa nzima. Karibu nayo imesimama sanamu ya waziri Tom Mboya, hatua chache tu kutoka alipopigwa risasi Julai 5, 1969.

KICC ina urefu wa mita 105 na ilikamilika mwaka 1973. Tiketi hulipwa chini. Lifti haifiki kileleni, ngazi za mwisho ni za miguu. Nenda asubuhi kabla ya joto kuinua ukungu: kusini utaona tambarare za mbuga, na kusini magharibi vilima vya Ngong. Kupiga picha kutoka juu si tatizo, ila usielekeze kamera kwenye majengo ya polisi, jeshi au Ikulu, popote ulipo.

Kutoka KICC vuka hadi Kimathi Street penye sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, kisha Banda Street, ambako Maktaba ya McMillan, ya mwaka 1931, inalindwa na simba wawili wa mawe. Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Jirani yake ni Msikiti wa Jamia. Asiye Mwislamu aombe ruhusa mlangoni, avae kwa staha, na asije saa ya swala ya Ijumaa. Bustani ya Jeevanjee ni ya kupumzisha miguu saa ya chakula cha mchana, wakati wahubiri na wachambuzi wa siasa wanaposhindana kwa sauti. Malizia Kenyatta Avenue kwenye sanamu ya kumbukumbu ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, yenye maandishi ya Kiswahili chini yake, halafu Nairobi Gallery karibu na Uhuru Highway. Jengo hilo la 1913 lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, na ndipo umbali wa barabara za nchi ulipokuwa ukihesabiwa kuanzia.

Upande wa Lang'ata na Karen

Huu ndio upande unaohitaji hesabu ya saa. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na haiingiwi kwa miguu wala kwa pikipiki. Lazima uwe na gari, na gari nalo hulipiwa. Gari dogo hupita vizuri barabara kuu za ndani wakati wa kiangazi. Baada ya mvua, achana nalo: udongo mweusi wa mbugani hunata kwenye magurudumu, na hutakiwi kushuka kusukuma mahali penye simba. Kodi gari la juu lenye kuvuta magurudumu manne, au ahirisha.

Ingia lango linapofunguliwa saa 12 asubuhi. Simba na vifaru huonekana zaidi kabla ya saa 4. Jua likipanda, wengi hujificha vichakani. Tembo usiwatafute, mbuga hii haina. Unaweza kushuka garini kwenye mahali palipochomewa pembe za ndovu, tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, na pia kwenye mabwawa ya viboko, ambako askari wa wanyamapori huongoza watu kwa miguu. Funga vioo unaposhuka. Nyani wa hapo hawaibi kwa kubahatisha; wanajua mfuko wa chakula ulivyo.

Ndovu walio yatima wako kwa Sheldrick, kituo cha kuwalea, na hapa ndipo watu hukosea zaidi. Wageni hupokelewa kwa muda wa saa moja tu kwa siku, saa 5 hadi saa 6 mchana, kwa nafasi iliyowekwa mapema. Likizo za shule za Aprili, Agosti na Desemba hujaa wiki kadhaa kabla. Ada ya mbuga hulipwa kando na mchango wa Sheldrick wenyewe. Tena mlango wake hauko Lang'ata Road: ni lango la Mbagathi, Magadi Road, baada ya kupita Bomas, kituo cha ngoma za asili. Mtu akishuka lango kuu saa 4:45 akidhani amefika, ndovu watakuwa wamemaliza kuoga matope kabla hajapata pikipiki. Panda 125 au 126 na useme lango la Mbagathi.

Asiye na gari asijisikie amenyimwa. Kwenye lango kuu kuna Safari Walk, njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya mazizi makubwa, na kituo cha wanyama yatima. Kila kimoja kina tiketi yake, nayo si tiketi ya mbuga. Kwa familia yenye watoto wadogo, Safari Walk hushinda saa nne za kurushwarushwa garini.

Kwa Giraffe Centre, panda 24, shuka Hardy na uchukue pikipiki. Twiga wa hapo hula chakula kutoka mkononi kwako. Kishike kipande kwa ncha za vidole na usimame ubavuni mwa twiga, kwani akikerwa hukupiga kwa kichwa, na kichwa hicho ni kizito. Nyumba ya mwandishi Karen Blixen iko mbele kwenye njia ya 24 hiyo hiyo. Saa moja inatosha. Bomas of Kenya ipo kwenye ujenzi mkubwa ulioanza 2025, kwa hiyo uliza kama ngoma zinachezwa kabla ya kwenda.

Kaskazini

Gari lolote la Westlands litakushusha Museum Hill. Katika Makumbusho ya Taifa usiwapite haraka mifupa ya Kijana wa Turkana, binadamu wa kale, ya miaka takriban milioni 1.6, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, wala Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya rais. Nyumba ya nyoka iko ua huo huo. Arboretum, bustani yenye miti iliyoanza kupandwa 1907 kutafuta kuni za treni, inafaa kwa mapumziko ya saa moja. Iko karibu na Ikulu, kwa hiyo kamera ielekezwe kwenye miti. City Park, Parklands, ina makaburi ya mwanasiasa Pio Gama Pinto na Murumbi, na kima wasio na haya. Usiwalishe, na usikae huko jua likizama.

Karura ni zaidi ya hekta 1,000. Ulinusurika kugawiwa wajenzi mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipopigwa wakiutetea. Kwa 106 mwambie kondakta lango la Karura, Limuru Road. Hakikisha unaingia upande wa mashariki wa barabara. Ng'ambo ni Sigiria, msitu mzuri lakini hauna maporomoko wala mapango waliyojificha Mau Mau. Njia panda zina vibao vya namba. Piga picha ya ramani langoni na ufuate namba, si ramani ya simu, ambayo hupotea chini ya miti. Baiskeli hukodishwa ndani. Mvua ikiwa imenyesha, ngazi za kushukia maporomokoni huteleza, na viatu vyenye soli laini havifai.

Wikendi maegesho hujaa kabla ya saa 3, hivyo siku za kazi ni afadhali. Anza kurudi langoni ikifika saa 10:30 jioni: msitu hufungwa saa 12, na Limuru Road kuelekea mjini huwa imeshaziba. Ukikuta 106 zimejaa, vuka barabara, panda gari linalokwenda Ruaka hadi steji ya mwisho, na uketi humo humo linapogeuza kurudi tao.