Ukurasa wa mwongozo ukigoma na 403

Hapa Kigoma ninatunza mwongozo wa programu ya hesabu inayotumiwa na wauza dagaa wa Kibirizi. Vijana ninaofanya nao kazi hunipigia simu ukurasa ukiandika 403. Namba hiyo maana yake seva imeelewa ombi lako, ila imekataa kutoa faili. Ikiwa ni 404, yaani ukurasa haukupatikana, kagua kwanza herufi za jina la faili: kwa Linux, Picha.png na picha.png ni vitu viwili.

Kwa 403, msianze na faili lenyewe. Anzeni na njia nzima inayolifikia:

namei -l /var/www/mwongozo/index.html

Amri hii inaonyesha kila folda, mwenye nayo na ruhusa zake. Folda moja ya juu ikikosa x (ruhusa ya kupita ndani ya folda) kwa mtumiaji wa seva (kwenye Ubuntu mara nyingi ni www-data), faili halifikiki hata kama lenyewe liko wazi kwa wote. Hakikisheni pia index.html ipo kweli.

Kisha rekebisheni, mkiwa ndani ya /var/www (755 kwa folda: mwenyewe anaandika, wengine wanasoma na kupita tu; 644 kwa mafaili: mwenyewe anaandika, wengine wanasoma tu):

find mwongozo -type d -exec chmod 755 {} +
find mwongozo -type f -exec chmod 644 {} +

Nawaomba sana, msiweke 777. Inamruhusu kila mtumiaji wa mashine kubadili kurasa, na mama anayepiga hesabu ya mzigo wake anastahili maelezo ambayo hayajachezewa.

Ujenzi wa kurasa za mwongozo ukikwama kwa "Permission denied" (ruhusa imekataliwa), pigeni ls -ld mwongozo kuona mwenye folda. Kwa kawaida kuna aliyejenga kwa sudo (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi), mafaili yakabaki mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Yarudisheni kwenu:

sudo chown -R $USER mwongozo

Halafu jengeni tena, bila sudo.